Msiisingizie Haibridi Mlima wa Sekenke

Mwenye haibridi ya kuchomeka akiishi Tabora hakosi washauri, na ushauri wao wote ni mmoja: uza. Fundi atamwambia hivyo, dalali atamwambia hivyo, shemeji yake mwenye Noah atamwambia hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Gari hilo, wanasema, ni la Dar es Salaam, la kukaa foleni Ubungo na jioni kurudi kuchomekwa ukutani. Likivuka Dodoma betri inaisha, na betri ikiisha gari halivuti tena. Mguu umezama mpaka chini, injini inalia, mwendo unashuka, na mabasi yanakupita kwa honi. Bovu hilo. Uza, ongeza hela kidogo, chukua gari la petroli lenye nguvu zake lenyewe.

Nimeusikia ushauri huu gereji, nimeusikia kijiweni, nimeusikia hata msibani, na kila mara wapo wanaotikisa kichwa kuukubali. Mimi siukubali. Sisemi kwamba nguvu hazipungui. Zinapungua, na dereva aliyepatwa na hali hiyo akiwa katikati ya kuovateki hakuota. Ninachokataa ni hukumu inayofuata. Gari lililoishiwa nguvu likipanda Sekenke si bovu, wala halikuundwa kwa ajili ya watu wa mjini peke yao. Limefikishwa mlimani likiwa halina akiba, na limefikishwa hivyo kwa sababu kila aliyeligusa, kuanzia aliyeliagiza hadi aliyelifungua boneti, aliihesabu betri kuwa tangi la pili la mafuta: likiisha hili, tunahamia lile, safari inaendelea.

Betri si tangi. Katika gari la namna hii, betri ni karibu nusu ya injini.

Chukua Mitsubishi Outlander PHEV, ambayo kati ya haibridi za kuchomeka zilizotumika Japani ndiyo ninayokutana nayo zaidi huku kwetu. Ilianza kuuzwa Japani mwanzoni mwa 2013. Zile za miaka ya mwanzo zina betri ya kilowati-saa 12 chini ya sakafu. Mbele kuna injini ya petroli ya cc 2,000 yenye kilowati 87, pamoja na jenereta na mota ya umeme; nyuma kuna mota nyingine. Kila mota ina kilowati 60. Giaboksi ya kawaida haina. Kwenye mwendo mdogo injini haigusi magurudumu hata kidogo: inazungusha jenereta, jenereta inafua umeme, umeme unakwenda kwenye mota, na mota ndizo zinazosukuma gari. Ukishapita kilomita 65 hivi kwa saa, kompyuta inaweza kuiunganisha injini moja kwa moja na magurudumu ya mbele, lakini kwa uwiano mmoja tu, uwiano wa gia ya juu, ambao ni mzuri kwenye tambarare na haufai kwenye mlima.

Sasa hesabu. Mota mbili, kilowati 120, zinasubiri kulishwa. Jenereta haiwezi kuzipa zaidi ya kilowati 70 hivi, na njiani kuna kinachopotea kuwa joto. Kinachobaki kinatoka kwenye betri. Asubuhi unapotoka nyumbani na chaji imejaa, unakanyaga mafuta na gari linaruka kwa sababu jenereta na betri zinamwaga umeme kwa pamoja. Saa nne baadaye betri imekwisha, unakanyaga vilevile, na anayeitika ni mmoja. Hakuna kilichokatika, hakuna plagi iliyokufa, hakuna pampu iliyoziba. Ukipeleka gari gereji wakalichomeka mashine ya kusomea, mashine haitaona kitu, na fundi aliyezoea kwamba kila ugonjwa una kipuri chake atabadilisha plagi hivyohivyo.

Kuna jambo moja zaidi linalowachanganya watu. Ile sifuri inayoonekana kwenye dashibodi, kwamba umebakiwa na kilomita 0 za umeme, haina maana kwamba betri ni tupu. Kompyuta inaficha fungu la chini la chaji, robo hivi au zaidi kidogo, kwa ajili ya kuwasha injini, kusaidia kupanda, na kuilinda betri yenyewe isife mapema. Ndiyo maana mlima unapoanza gari linapanda vizuri tu, dakika moja, mbili, na dereva anajisemea kwamba waliomtisha walikuwa waongo. Linakula lile fungu lililofichwa. Likifika chini kabisa, kompyuta inafunga bomba, na nguvu zinashuka ghafla pale ambapo mteremko wa nyuma ni mrefu na mlima wa mbele haujaisha. Nissan Leaf na i-MiEV, ambazo ni za umeme mtupu, huwasha taa ya kobe. Kwenye haibridi iliyoshuka meli moja kwa moja kutoka Japani, dereva wetu anapata sentensi nzima ya Kijapani. Imeandikwa waziwazi nini kinatokea. Yeye anaona michoro.

Mfuate dereva huyo kutoka Tabora. Ametoka Isevya alfajiri, amepita Nzega, amepita Igunga. Ndani yumo mke, mama mkwe, watoto wawili. Nyuma kuna gunia la mchele alilonunua Igunga, na madumu mawili ya asali ya Sikonge ambayo ameahidi watu wa Dodoma. Dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji, watu husahau. Gari, watu na mizigo vinakaribia tani 2 na kilo 300. Mbuga ya Wembere imelala tambarare, lami imenyooka, hakuna tochi, na mshale umesimama kwenye 110. Betri ilikwisha kabla ya Nzega. Anapita Shelui. Mbele yake, Sekenke inaanza, na kwenye kona ya kwanza kuna semi mbili zilizobeba shehena zikipanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Ya kwanza anaipita bila shida. Anaingia kuipita ya pili, na hapo ndipo bomba linapofungwa. Yuko upande usio wake, amelingana na kichwa cha semi, mama mkwe amenyamaza, na gari halisogei.

Hofu hiyo ni halali. Ila tuangalie mlima ulimdai nini. Tuseme barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kuisukuma tani 2 na kilo 300 hapo kwa kilomita 80 kwa saa, ukijumlisha upepo na msuguano wa matairi, kunataka kilowati 50 na kitu. Kuisukuma kwa 110 kunataka kati ya 75 na 80. Kumbuka pia kwamba nyanda za magharibi ziko juu, Tabora yenyewe ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Zile 87 zilizopimwa Japani zimeshapungua kabla safari haijaanza. Kwa hiyo haibridi yenye betri iliyokwisha inapanda kwa 80, na inapanda mpaka juu bila kusimama. Kwa 110 haipandi. Na haiwezi kutoa ule mshtuko wa nguvu wa sekunde 10 unaohitajika kuipita semi.

Sasa naomba wale wa "bovu hilo" wanieleze. IST ya cc 1,300, gari ambalo limejaa Tanzania nzima, ina kilowati 64 hivi injini ikiwa mpya. Ipakie watu watano na gunia, ipeleke Sekenke. Itashuka gia, itashuka tena, dereva atazima AC, abiria watanyamaza, na watapanda kwa 50. Umewahi kusikia mtu akisema IST ile imeharibika? Wanasema imeelemewa. Noah ya shemeji nayo inaelemewa, Fuso linaelemewa, basi linaelemewa. Haibridi peke yake ndiyo ikielemewa inaambiwa ni mbovu, na kisa ni kwamba asubuhi ilionyesha nguvu ambazo IST haijawahi kuzionyesha. Inaadhibiwa kwa uzuri wake wa asubuhi.

Watu wa njia za Tabora walikuwa na akili zaidi zamani. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, ukishamaliza hongo za Ugogo ulikutana na Mgunda Mkali, nyika ya vichaka na jua iliyotenganisha Ugogo na Unyanyembe, mahali ambapo maji yalikuwa ya kubahatisha. Burton na Speke waliipita mwaka 1857 na kuingia Kazeh Novemba 7. Wanyamwezi walikuwa wameipita miaka mingi kabla yao, wakishuka pwani na pembe na kurudi na vitambaa na shanga, kila mpagazi na frasila zake mbili, kilo 30 na ushei. Hawakuivuka kwa misuli. Waliivuka kwa tirikeza: msafara unakula, unajaza vibuyu kwenye maji ya mwisho, unaondoka mchana badala ya alfajiri, unatembea mpaka giza, unalala pakavu, na kukikucha unaondoka tena ili uyafikie maji yanayofuata kabla jua halijawa kali. Mpagazi hodari kuliko wote akiingia mle na kibuyu kitupu alianguka, na kirangozi mwenye akili hakusema mpagazi yule ni mbovu, arudishwe kwao akatafutwe mwingine. Alijua ni nani aliyepaswa kujaza vibuyu.

Lami ya Manyoni, Itigi hadi Tabora inapita leo katika ukanda huohuo, na dereva anaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Labda ndiyo sababu somo limesahaulika.

Kibuyu kwenye Outlander ni vitufe, vipo karibu na kirungu cha gia. Kimoja kinaiambia kompyuta: chaji iliyopo isiguswe, tembea kwa petroli. Kingine kinaiambia: washa injini, jaza betri huku tunakwenda. Nimekaa ndani ya magari ya watu waliyoyamiliki miaka miwili, mitatu, na hawajawahi kuvigusa vitufe hivyo, kwa sababu siku ya kukabidhiwa ufunguo walionyeshwa redio, kamera ya nyuma na namna ya kulaza viti.

Hapa ninajua pingamizi linalokuja, na ni la watu wa hesabu. Kuchoma petroli ili kutengeneza umeme, kisha kutumia umeme huo kusukuma gari, si hasara? Ni hasara, ndiyo. Ukitembea Tabora mpaka Dodoma umebonyeza cha kuchaji muda wote, utakunywa petroli kuliko ungetembea kawaida, na bei za EWURA za Tabora daima ziko juu ya zile za Dar kwa sababu ya nauli ya kuyafikisha mafuta. Lakini nani amesema muda wote? Kupandisha tani 2 na kilo 300 kwenda juu mita 300 kunahitaji nishati isiyofika kilowati-saa 2. Rudia kuisoma hiyo. Betri ni ya 12, mlima wa mita 300 unadai chini ya 2, tena injini ikiwa inachangia unadai pungufu ya hapo. Kuzifua kilowati-saa 2 kwa injini ile kunagharimu petroli isiyofika lita moja. Kwa chini ya lita moja, uliyoanza kuichoma ukipita Igunga kwenye tambarare ya Wembere ambapo injini haina kazi nzito, unafika Sekenke na akiba yako. Anayekuja Tabora kutoka Dodoma afanye hivyohivyo akikaribia Bahi, maana kutoka pale bondeni hadi Manyoni kuna kuta za Bonde la Ufa za zaidi ya mita 300.

Bora zaidi ya hapo ni kutembea na chaji ya nyumbani bila kuigusa: toka Tabora na betri iliyojaa umeme wa TANESCO, bonyeza cha kuhifadhi ukiwa bado kwenye mataa ya mjini, tumia petroli kwenye tambarare zote, kisha achia mlimani. Uniti moja kwa bei ya kawaida ya nyumbani haifiki shilingi 400. Hakuna petroli yenye bei hiyo. (Aliye kwenye lile kundi la shilingi 100 kwa uniti 75 za mwezi ajue kwamba gari litamtoa humo wiki ya pili tu.) Tatizo ni kwamba magari mengi haya yanauzwa bila waya wa kuchajia, mnunuzi haulizi, muuzaji hasemi, na gari lililotengenezwa lichomekwe linaishi miaka yote bila kuchomekwa hata siku moja. Betri yake inashinda kwenye sifuri mwaka mzima. Kisha tunashangaa kwamba kila mlima unalikuta mkono mtupu.

Haya si mambo ya Tabora peke yake. Chevrolet Volt ya 2011 ilikuwa na mota ya kilowati 111 na injini ya petroli ya kilowati 63 tu. Wahandisi wa General Motors waliijua milima ya Marekani na walijua tofauti hiyo ingemwumbua mtu huko, basi wakaweka hali maalumu ya milimani ambayo dereva anaichagua mapema, kabla ya kufika mlima, ili gari litunze fungu kubwa la chaji. Walimwamini dereva, na walimwambia.

BMW walikutana na hadithi nyingine. Gari lao la i3 lilikuja na injini ndogo ya ziada ya cc 647, iliyotolewa kwenye pikipiki zao, ya kufua umeme tu. Ulaya, dereva aliruhusiwa kuiwasha mapema na kuishikilia chaji betri ikiwa bado asilimia 75. Marekani, ili gari liingie katika daraja fulani la kanuni za California, injini ile ilizuiwa kuwaka mpaka betri iwe karibu kuisha. Gari ni lilelile. Mwaka 2016 wenye i3 huko Marekani wakaenda mahakamani wakilalamika kwamba gari linapoteza nguvu barabara kuu, milimani, nyuma yao malori yakija. Wale wa Ulaya walikuwa na kitufe. Wale wa Marekani walinyimwa. Milima haikubadilika, betri haikubadilika, injini haikubadilika.

Dereva wetu hakunyimwa kitufe na kanuni yoyote. Anacho, kimeandikwa, kinafanya kazi, kiko sentimita chache kutoka kwenye mkono wake wa kushoto. Amenyimwa maelezo tu.

Na hapa nawageukia wauzaji, ambao wamekwepa lawama kwa muda mrefu mno kwa sababu fundi ndiye anayeonekana. Msemo wa yadi ni huu: "Betri ikiisha usijali kaka, linageuka gari la petroli la kawaida." Ni mtamu, unamaliza maswali, na si kweli. Gari la petroli la kawaida la ukubwa ule lina giaboksi ya kuzidisha nguvu za injini mlimani. Hili halina, liliachiwa betri kazi hiyo. Gari la petroli la kawaida lina stata. Hili linawashwa injini kwa jenereta inayokula umeme wa betri kubwa, kiasi kwamba betri kubwa ikifa kabisa hata hiyo petroli yako haina maana, injini haiwaki. Anayesema "linageuka la kawaida" anampa mnunuzi matarajio ambayo yatavunjika mahali pabaya kuliko pote, na yatakapovunjika mnunuzi atakimbilia upande wa pili wa uongo uleule, kwamba basi ni bovu. Mmoja anasema betri haina kazi ukitoka mjini. Mwingine anasema gari halina kazi betri ikiisha. Wote wawili wanazungumzia tangi.

Kutoka upande huo wa pili limezaliwa jambo la hatari kweli. Nimesikia wenye gari wakipewa ahadi ya "kuitoa betri ya umeme, tulifanye petroli tupu." Kwenye Prius au Outlander ahadi hiyo haitekelezeki kwa sababu niliyoitaja, na anayeijaribu anaingiza mikono kwenye mfumo wa mamia ya volti. Zile nyaya za rangi ya machungwa hazikupakwa rangi kwa urembo. Fundi mwenye bisibisi na tochi ya simu, bila glavu za umeme na bila kujua swichi ya kutenganisha betri iko wapi, anaweza asimalize kazi hiyo.

Nisionekane natetea kila kilichobandikwa jina la haibridi. Nissan Note e-Power, kwa mfano, haichomekwi, betri yake ni ya kilowati-saa 1.5, injini ina kilowati 58 na mota ina 80. Hapo hakuna kibuyu cha maana cha kujaza. Mlima mrefu utaimaliza akiba ile mara moja, na mwenye gari hilo akilalamika Sekenke nitamsikiliza hadi mwisho. Vilevile betri ya Outlander iliyotengenezwa 2013, iliyokaa juani, si ile iliyotoka kiwandani. Imeshapoteza sehemu ya ujazo wake, na akiba unayoihifadhi leo ni ndogo kuliko kitabu kinavyosema. Hiyo ni sababu ya kubonyeza mapema zaidi na kupanda polepole zaidi. Ni sababu pia ya kupunguza bei siku ya kununua. Kuligeuza gari lote kuwa takataka ni jambo jingine.

Limebaki pingamizi moja, ambalo mimi naliheshimu kuliko yote, na husemwa na wazee: kwa nini ninunue gari la kufikiriwa? Gari ni la kuendesha. Mtu amechoka, ana watoto nyuma, mnataka akumbuke vitufe kabla ya milima?

Jibu langu ni kwamba tayari anakumbuka. Dereva yeyote wa njia za Tabora anajua ajaze mafuta wapi kabla ya kuiacha Itigi nyuma. Anajua apunguze hadi hamsini kwenye kila kijiji chenye kibao. Anayeendesha ya gia anajua ashuke namba tatu kabla ya kona na si ndani ya kona. Dereva wa lori akiteremka Sekenke anajua kwamba breki za miguu peke yake zitawaka moto, anaingiza gia nzito juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, na hakuna anayesema malori yauzwe kwa sababu yanataka kufikiriwa. Hayo yote aliambiwa na mtu, akiwa utingo, akiwa mwanafunzi wa udereva, akiwa kiti cha mbele na baba yake. La kitufe hakuambiwa na mtu kwa sababu waliotakiwa kumwambia hawalijui, au wanalijua na linaharibu biashara.

Basi mnunuzi ajilinde mwenyewe. Akienda yadi Dar es Salaam, gari la kujaribu ataletewa limejaa chaji na atazungushwa kwenye tambarare na AC ikipuliza, na litamfurahisha, kama lilivyomfurahisha kila mtu. Akatae. Aombe betri imalizwe kwanza, ile kilomita 0 isome kwenye dashibodi, apakie watu wanne, waelekee vilima vya Pugu na Kisarawe, akanyage mafuta mpaka chini na asikie injini inafanya nini na mshale unafanya nini. Kisha abonyeze cha kuchaji, wazunguke nusu saa, warudie kilima kilekile. Atakuwa amejifunza gari lake kuliko miaka mitatu ya kuendesha. Aulize waya wa kuchajia uko wapi, na aombe maandishi ya skrini yatafsiriwe mbele yake, moja moja. Muuzaji akisema hayo ni mambo mengi kwa gari moja, amwachie gari lake.